Tulivyojiandaa kwa Jioni Moja Ziwani Kivu



Likizo ya Agosti iliyopita tuliamua kuwapeleka watoto wetu watatu Karongi, mji ambao wengi wetu bado tunauita Kibuye. Kutoka Nyabugogo ni safari ya saa tatu hivi kwa basi, kupitia Muhanga. Tulikuwa tumesikia kwamba kule kuna waongozaji wanaowachukua watu ziwani jioni kwa kayaki, yaani vile vimtumbwi vyepesi vya plastiki, kuangalia ndege, fisi maji na popo wa Kisiwa cha Napoleon. Wavulana walirukaruka kwa furaha. Binti yetu wa miaka 11 alinyamaza.

Usiku akauliza: "Baba, kayaki ikipinduka je?" Tukamjibu upesi kwamba Allah atatulinda. Akafikiri kidogo, akasema: "Hilo najua. Lakini mimi nifanye nini?"

Tulikosa jibu. Nyumbani kwetu hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea, na Ziwa Kivu lina kina cha zaidi ya mita 450. Ukweli ni kwamba tulilitaja jina la Allah ili tusijisumbue kufikiri. Hadithi ya bedui aliyeambiwa na Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Allah, tumewafundisha watoto tangu wakiwa wadogo. Safari hii mtoto ndiye aliyetukumbusha.

Basi tukaanza kumfunga ngamia.

Kwanza tulimpigia simu mwongozaji. Tulimpa uzito wa kila mtoto na kumwuliza kama ana majaketi ya kuokolea yanayowatosha. Alitueleza namna ya kulipima: ukishalifunga, mtu akuinue kwa kushika mabegani, likipanda hadi kwenye masikio, hilo ni kubwa. Alisema pia kwamba ngurumo ikisikika, hata kwa mbali, hakuna kwenda, na tusimshawishi. Jibu hilo lilitufanya tumwamini.

Pili, wiki mbili kabla ya safari, mama alikuwa akienda na binti asubuhi mapema kwenye bwawa lenye maji ya kifuani. Hawakujifunza kuogelea, muda haukutosha. Walijifunza kuingiza uso majini bila kushtuka, kulala chali, na kutulia. Nyumbani tulirudia maneno ya mwongozaji mpaka kila mtoto akayajua: ukianguka, shika kayaki, usifuate kafi, acha jaketi likubebe, subiri.

Tatu yalikuja mavazi. Buibui likilowa huwa zito na huzuia miguu. Mama na binti walivaa suruali pana na kanzu nyepesi ya kufika magotini, na mitandio waliifunga nyuma ya shingo bila pini wala ncha ya kuning'inia. Sitara ilibaki, na miguu ikawa huru.

Nne, tuliwaeleza watoto kuhusu wanyama wenyewe. Popo wale hula matunda, na mabawa ya mmoja yakikunjuliwa hukaribia sentimita 75. Huko porini husambaza mbegu za miti. Wapo wageni wanaofika kisiwani na kupiga makofi ili popo waruke mchana. Tukakubaliana kwamba sisi hatutawaamsha viumbe waliolala kwa ajili ya picha. Na kwa kuwa mwaka 2024 nchi yetu ilipatwa na maradhi ya Marburg, yaliyohusishwa na popo wa aina nyingine wanaoishi mapangoni, tuliweka sharti: hakuna kumgusa popo yeyote wala kuokota tunda lililong'atwa.

La mwisho lilikuwa Maghribi. Popo huondoka jua likizama, na ndio wakati wa adhana. Mwongozaji akashauri tusiende hadi kisiwani. Tuingie majini saa kumi na nusu, baada ya Alasiri, tukae karibu na ufuko, na saa kumi na mbili kamili tuwe nchi kavu. Popo watapita wenyewe.

Siku ilipofika, tulijipanga ufukoni kukaguliwa. Tuliwafunga watoto mmoja mmoja, tukavuta kila mkanda. Tulipokuwa tukiinama kuishika kayaki, binti akasema: "Baba, mkanda wako wa chini." Kweli, ulikuwa wazi. Akaufunga yeye mwenyewe, akauvuta mara mbili kama alivyofundishwa, kisha akasoma dua ya safari na kupanda.

Tuliwaona wadiria na minandi. Fisi maji hakujitokeza. Wavuvi wa sambaza walitupita wakiimba, mitumbwi yao mitatu mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu. Saa kumi na mbili tulikuwa ufukoni. Tuliposali Maghribi kwa jamaa na kutoa salamu, mbingu juu yetu ilikuwa imejaa popo, wakienda kutafuta riziki yao bila kuamshwa na mtu.

Binti yetu ameomba arudi tena bwawani. Sasa anataka kujifunza kuogelea hasa. Nasi watu wazima tumejiandikisha pamoja naye.

Wabillahi tawfiq.