Saa ya Mjomba

Wahenga walisema, kitunze kidumu. Methali hiyo niliisoma tangu shule ya msingi, nikaitungia insha na kutuzwa alama nzuri. Maana yake nilikuja kuijua siku saa ya mjomba wangu iliponinyamazia mkononi.

Mjomba alikuwa polisi na mlenga shabaha hodari. Saa yake ya Uswisi, isiyotumia betri, aliinunua kwa akiba ya miaka mingi. Kila alipokwenda kulenga shabaha aliivua, akaifunga katika leso na kuitia mfukoni. Nikiwa mtoto, niliona huo ni woga: vipi mwanamume ashike bunduki kisha aihurumie saa? Nilipohitimu shahada ya kwanza, alinivisha kwa mikono yake.

Mwaka jana binamu yangu alinialika katika klabu ya kulenga shabaha. Niliivaa kwa makusudi. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 2010 Rafael Nadal alicheza tenisi akiwa na saa ya Richard Mille, RM 027, isiyotimia gramu 20 pamoja na mkanda wake. Ikiwa yake ilistahimili mapigo ya raketi, yangu ingeshindwaje? Nilifyatua risasi 20. Jioni akrabu zilikuwa zimesimama.

Fundi wa saa aliifungua, akanionyesha gurudumu la mizani na mhimili wake, ambao ncha zake ni nyembamba mithili ya unywele. Ncha hizo hukaa katika vito vidogo vilivyoshikwa na springi, ili saa ikitikiswa, vito visogee na ncha zisivunjike. Kinga hiyo ilikuwa imefanya kazi yake. Kilicholegea ni skrubu ya kile kipande kizito kinachozunguka mkono unaposogea, kikaijaza saa nguvu. Skrubu ilidondokea kati ya magurudumu. Mafuta nayo yalikuwa yamekauka.

"Ilisafishwa lini mara ya mwisho?" aliniuliza. Sikuwa na jibu. Miaka yote niliyojivunia saa ile, sikuwahi kuipeleka kwa fundi.

Msomaji mwenzangu, saa ya Nadal iliundwa kwa ajili ya mchezo wake. Hata maafisa wa Uingereza waliocheza polo nchini India walivunja vioo vya saa zao, hadi mwaka 1931 ilipobuniwa Reverso ya Jaeger-LeCoultre, ambayo uso wake hugeuzwa ndani ili mgongo wa chuma ndio upokee pigo. Nao walikuwa na leso yao.

Wakati huo mjomba alikuwa amelazwa hospitalini. Nilipomzuru, aliniuliza ni saa ngapi. Nilichungulia simu. Akautazama mkono wangu mtupu.

"Iko kwa fundi, mjomba," nilisema. "Niliivaa nikilenga shabaha."

Alinyamaza kitambo, nami nikainamisha kichwa nikisubiri kukemewa.

"Mimi pia niliwahi kufanya hivyo, mpwa wangu," akasema. "Unadhani leso ile ilitoka wapi?"

Saa imepona, na mjomba amerudi nyumbani. Naivaa darasani, maktabani na ninapokwenda kumjulia hali. Mfukoni mwangu sasa mna leso.