Kulala Ndani ya Matatu kwa Ajili ya Dakika 24



Leo tuweke hifadhidata kando kidogo, tuzungumzie gari. Wengi wananiuliza kwa nini mtu anayelipwa kuandika programu anunue matatu kuukuu ya viti 14, ang'oe viti vyote, kisha atandike godoro ndani. Jibu langu ni fupi: dakika 24.

Hesabu yenyewe ni hii. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa. Ule mwanga wa dhahabu tunaoutafuta sisi wapiga picha za mandhari hudumu, kwa makadirio ya kawaida, hadi jua lifike nyuzi 6 juu ya upeo wa macho. Karibu na ikweta jua hupanda wima, kwa hiyo gawanya 6 kwa 15 na umepata dakika 24. Juni na Desemba unaongezewa kama dakika mbili tu. Mwenzetu wa London mwezi Desemba ana zaidi ya dakika 50, anaweza hata kumaliza chai yake kwanza. Wewe wa huku ukikwama nyuma ya lori la miwa, basi, siku imekwisha.

Mimi hupenda kwenda Sigowet, Kericho, pale nyanda za juu zinapoanza kuteremka kuelekea Soin. Nyuma yako ni chai. Mbele yako, chini kabisa, ni tambarare ya Kano na Ziwa Victoria, lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua huchomozea nyuma yako, kati ya saa kumi na mbili na dakika 20 na saa moja kasoro dakika 10, kutegemea mwezi. Usiseme utangoja jioni. Mchana upepo wa ziwani hupanda huku juu na kukutana na hewa itokayo mashariki, mawingu yanajikusanya, na alasiri mvua inamwagika. Mara kwa mara huwa ni mvua ya mawe, kwani Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Ukiwa chini ya paa la bati la matatu hutasikia hata redio! Kwa hiyo ni asubuhi au basi, na njia rahisi ya kuwa pale asubuhi ni kulala pale pale.

Sasa umeme, maana najua ndio mnaousubiri. Nina betri ya pili ya volti 12, amp-saa 100, inayochajiwa na injini lakini imetenganishwa na ile ya kuwashia gari. Betri ya risasi haifai kutumiwa kupita nusu, kwa hiyo nina wati-saa 600 hivi. Laptopu ya wati 50 kwa saa nne inakula 200, inveta nayo inapoteza kidogo, na betri moja ya kamera ni kama 15 tu. Zinabaki za taa na simu. Picha 300 ambazo hazijabanwa ni kama gigabaiti 7.5. Nazinakili kwenye diski mbili usiku huo huo, moja nalala nayo na nyingine inakaa chini ya kiti cha dereva. Picha ya asubuhi ile haipigwi tena.

Lakini kuna jambo gari hili limenifundisha ambalo halimo kwenye hesabu. Huwezi kupaki usiku mahali pa watu bila kuomba. Mimi hulala bomani kwa mzee mmoja mwenye chai yake ndogo. Nikifika ni "chamgei", naye hujibu "chamgei mising", kisha maziwa yanaletwa. Safari ya kwanza aliangalia picha zangu kwenye laptopu, moja baada ya nyingine, halafu akauliza: "Kijana wangu, sisi tuko wapi?"

Kweli, hakukuwa na mtu hata mmoja. Kijani kitupu na ukungu. Ndivyo picha nyingi za Kericho zilivyo, utadhani chai hujichuma yenyewe.

Na ndiyo habari kubwa ya huko sasa. Katika mashamba ya makampuni makubwa, mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi. Mwezi Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto Kericho na watu waliokuwa wakilalamikia kazi zao. Mimi nala kwa kuandika programu zinazopunguza kazi za mikono, kwa hiyo sina ujasiri wa kumhubiria mtu yeyote kuhusu jambo hili. Ninachoweza ni kuangalia vizuri. Kwa wakulima wadogo wa Sigowet mkono bado unafanya kazi: majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, kisha kituo cha kununulia majani kabla lori la kiwanda halijafika. Wachumaji huingia shambani mapema, ndani ya zile dakika zangu 24. Ningekuwa nalala hotelini mjini, ningewakuta jua likiwa tayari juu.

Siku hizi naomba ruhusa jioni, tukiwa tumekaa, si asubuhi mtu akiwa kazini. Asiyetaka hapigwi picha. Anayekubali naye hupata nakala ya karatasi safari inayofuata, maana picha ya kwenye skrini yangu haimfai kitu. Mzee ameitundika yake sebuleni: mama watatu wamezama katika chai hadi kiunoni, ziwa likimetameta mbali nyuma yao. Kilima chenyewe kinaonekana nusu tu, na mzee hajalalamika.

Mwenye swali kuhusu nyaya au inveta aulize, nitajibu. Siku njema!