Mwanafunzi Mwenye Mvi

Kijana aendapo chuoni huchukua daftari tupu, na mwalimu huandika ndani yake. Mtu mzima aendapo chuoni huchukua daftari lililokwisha kujaa. Ndani yake mna miaka kumi au ishirini ya kazi, mna amri alizopokea na amri alizotoa, mna ushindi wake na aibu zake. Mwalimu hapati mahali pa kuandika mpaka mwanafunzi mwenyewe akubali kufuta mstari mmoja au miwili. Kwa sababu hiyo elimu ya mtu mwenye kazi ina taabu ambayo elimu ya kijana haina, na pengine taabu hiyo haizidi popote kuliko katika elimu ya uongozi na ustawi wa taasisi. Humo kinachofutwa ni fikira ya mtu juu ya nafsi yake mwenyewe.

Taasisi ni watu waliokusanyika kwa kusudi moja. Shule ni taasisi, na hospitali, na benki, na bandari, na halmashauri ya wilaya. Kuta zake ni za mawe na hazina yake ni ya fedha, lakini uhai wake ni mazoea ya watu waliomo: nani husema na nani hunyamaza, habari njema hupanda ngazi kwa haraka gani, na habari mbaya hukwama katika kidato cha ngapi, kosa likitendeka, hutafutwa sababu au hutafutwa mtu. Elimu hii huyachunguza mazoea hayo, ikauliza yalitokana na nini, yanamfaa nani, na yawezaje kubadilishwa na watu wale wale wanaoyaishi. Imekopa kwa saikolojia, imekopa kwa elimu ya jamii na kwa elimu ya biashara. Vyuo vikuu huitoa kwa shahada ya uzamili, mara nyingi kwa muda wa miaka miwili, na wanafunzi wake wengi huja jioni au mwisho wa juma, wakitoka kazini na kurudi kazini.

Kuja kwao kuna sababu nyingi, na si haki kuzipamba zote. Wako wanaotaka cheo, na cheo hicho kimetangazwa kuwa hakipatikani bila shahada. Wako waliokwisha kupata cheo, wakaona kuwa ustadi uliowapandisha hauwafai huko juu. Muuguzi hodari hufanywa mkuu wa wauguzi. Mwalimu hodari hufanywa mkuu wa shule. Mhasibu asiyekosea hufanywa mkubwa wa wahasibu wanaokosea. Jana alisifiwa kwa kazi ya mikono yake. Leo anahukumiwa kwa kazi ya mikono ya wengine. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo ya pili. Basi humwiga mkubwa aliyemtangulia, hata kama alimchukia.

Asili ya elimu hii yafaa kukumbukwa, maana imebeba alama ya wakati wake. Kurt Lewin alizaliwa mwaka 1890 katika Mogilno, mji uliokuwa chini ya Wajerumani na ambao sasa umo katika Poland. Alikuwa Myahudi, na mwanachuoni wa saikolojia katika Berlin. Mwaka 1933 Hitler aliposhika dola, Lewin alihamia Marekani; mama yake aliyebaki Ulaya aliuawa pamoja na mamilioni ya Wayahudi wengine. Mtu aliyeona taifa lenye vyuo vya sifa likimfuata mkatili hakuweza kuuchukua uongozi kuwa jambo dogo. Katika Chuo Kikuu cha Iowa yeye na wenziwe, Ronald Lippitt na Ralph White, walikusanya wavulana wa miaka kumi hivi katika vikundi vya kazi za mikono, wakawawekea viongozi wa namna tatu. Mmoja aliamuru kila jambo. Mwingine alishauriana na watoto. Wa tatu aliwaacha wafanye wapendavyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1939. Chini ya mwenye kuamuru kazi ilitendeka, lakini alipotoka chumbani ililegea. Chini ya mwenye kushauriana, kiongozi alitoka na kazi ikaendelea. Mkubwa yeyote wa ofisi aweza kulipima jambo hilo kwa gharama ndogo: aondoke asubuhi moja bila kuaga, kisha arudi kabla ya kutazamiwa.

Lakini somo kubwa zaidi lilikuja bila kutafutwa. Katika majira ya joto ya mwaka 1946 Lewin aliombwa kulisaidia jimbo la Connecticut, lililotaka kupunguza ubaguzi kati ya watu wake. Warsha ilifanywa katika chuo cha ualimu cha New Britain. Waliokuja walikuwa watu wenye kazi zao, kama walimu na watumishi wa ustawi wa jamii. Mchana walizungumza katika vikundi, na watazamaji waliandika jinsi kila mtu alivyosema na alivyotenda. Jioni wataalamu walikutana peke yao kulinganisha yaliyoandikwa. Jioni moja wanafunzi wachache waliomba ruhusa ya kuketi na kusikiliza, na Lewin akawakaribisha. Mtazamaji akaanza kueleza alivyotenda mwanamke mmoja, naye mwanamke huyo alikuwa ameketi pale pale. Akasema mambo hayakuwa hivyo, akaeleza alivyoyaona yeye. Mabishano yakawaka, kisha yakageuka kuwa somo, na jioni zilizofuata wanafunzi wengi walifika.

Jambo lililogunduliwa lilikuwa dogo kwa sura. Mtu anayesikia jinsi alivyoonekana na wenzake, wakati tendo lingali bichi, hujifunza kitu ambacho hotuba haiwezi kumpa. Wahenga walikwisha kusema kuwa kinyozi hajinyoi. Wataalamu wa New Britain walionyesha namna ya kumkabidhi mwingine wembe. Kitu hicho siku hizi huitwa mrejesho. Lewin alifariki Februari 1947, na miezi michache baadaye wenzake walifungua katika Bethel, mji mdogo wa Maine, mafunzo yaliyosimama juu ya msingi huo.

Elimu ikaenea. Chuo Kikuu cha Chicago kilikwisha kuanza mwaka 1943 kuwafundisha wakuu wa biashara waliokuwa wangali kazini. Mwaka 1960 Douglas McGregor alitoa kitabu chenye kuwaonya wakubwa kuwa anayewadhani watu wake wavivu huwaongoza kwa namna inayowafanya wawe wavivu. Mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Pepperdine katika California kilianzisha shahada ya uzamili ya ustawi wa taasisi kwa watu wenye kazi, wakikutana kwa siku chache za masomo mazito na kurudi kwenye shughuli zao. Tanganyika nayo ilikuwa na chanzo chake: mwaka 1953 palianzishwa Mzumbe shule ya kuwafundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Shule hiyo ikawa chuo cha uongozi wa maendeleo mwaka 1972, na chuo kikuu mwaka 2001.

Miji ni mingi na vyuo ni vingi, lakini lililompata yule mwanamke wa New Britain humngoja kila mwanafunzi wa elimu hii. Afikiriwe mkuu wa idara mmoja katika Dar es Salaam, mtu wa miaka arobaini na minane. Saa kumi na moja jioni hufunga ofisi, huingia katika msongamano wa magari, hufika darasani saa kumi na mbili na nusu akiwa na njaa. Arudipo nyumbani watoto wamelala, na mkewe amefunika chakula ambacho kimepoa. Karo ya mwaka ingetosha kupaua nyumba. Sasa amepewa zoezi: awaulize watu kumi walio chini yake jinsi anavyowaongoza, wajibu bila kutaja majina, naye aandike aliyojifunza.

Aligawa karatasi kwa moyo mweupe, kwa kuwa hakuwa na shaka juu ya atakayosoma. Tisa zilirudi zimejaa sifa, zikafanana kama nazi za mnazi mmoja. Ya kumi ilirudi tupu. Jioni, wengine walipokwisha kuondoka, tarishi mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu aligonga mlango.

"Karatasi tupu ni yangu, mkuu."

"Mbona hukuandika, mzee?"

"Ningeandika sifa ningesema uongo. Ningeandika neno jingine ungenijua kwa mwandiko."

Mkuu akamwomba aketi. Mzee hakuketi. Akasema kuwa mkuu akiingia chumbani, watu hukata maneno. Akasema kuwa jenereta iliyoharibika mwezi uliopita ilitoa dalili kwa wiki mbili, na vijana wote walijua. "Hakuna aliyekuja kukuambia, mwanangu, kwa sababu yule aliyeleta habari mbaya mwaka jana ulimhamisha." Kisha akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Usiku ule mkuu hakuandika kitu. Njia rahisi ilikuwa wazi mbele yake: karatasi tisa zingetosha kwa insha nzuri, na mwalimu asingejua. Njia ya pili ilimtaka aandike kuwa alimwadhibu mtu kwa kosa la kusema kweli, na kuwa mwezi uliopita alimkaripia fundi kwa hasara iliyozaliwa na hofu aliyoipanda mwenyewe. Aliiandika ya pili. Lakini insha ilikuwa nusu ya deni. Nusu ya pili alipaswa kuilipa ofisini, mbele ya watu, ambako hakuna alama zinazotolewa.

Hapa ndipo elimu hii huonyesha upande wake wa hatari, ambao wanaoisifu husahau kuutaja. Mwanafunzi mwenye cheo hujifunza kwa kuwauliza wasio na cheo. Yeye hupata shahada. Wao hupata nini? Mzee yule aliweka mezani mwaka wake wa mwisho wa mshahara, na hakuwa na ngao ila imani yake kuwa mkubwa amebadilika kidogo. Mkubwa akiichukua kweli hiyo, akaipamba kwa maneno ya vitabu, akapata alama za juu, kisha akarudi kwenye desturi yake, basi amekopa kwa maskini bila nia ya kulipa. Na mwenye hila aweza kufanya vibaya zaidi: hujifunza sauti ya upole, huita mikutano ya ushauri, huandika kila neno ubaoni, kisha hutenda alilokwisha kukata shauri siku nyingi. Watumishi hutambua hila hiyo mapema, na safari nyingine, waulizwapo, hurudisha karatasi zote kumi zikiwa na sifa.

Yule mkuu wa idara alikusanya watu wake siku ya Jumatatu. Alisema juu ya jenereta, akamwomba radhi fundi, wala hakumtaja mzee. Siku ile ile aliandika barua ya kuomba yule aliyehamishwa arejeshwe. Hakuna aliyepiga makofi. Wiki nzima ilipita na ukimya ukabaki ule ule, maana hofu iliyokua kwa miaka haing'olewi kwa hotuba moja. Katika wiki ya pili kijana mmoja alikuja, akasimama karibu na mlango kama mtu anayejiandaa kukimbia, akasema kuwa paa la ghala linavuja na yamkini mafaili yamelowa. Mkuu alihisi ulimi wake ukikimbilia karipio la zamani. Akauzuia. Akamshukuru kijana, wakaenda pamoja kutazama paa.

Shahada itakuja kwa wakati wake, na itatundikwa ukutani. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, wakimaanisha kuwa kila taka hutupwa kwake naye hana budi kuzipokea. Miaka miwili ya masomo ya usiku, karo ya bei ya paa na chakula kilichopoa vitakuwa vimepata thamani yake iwapo kijana yule, siku nyingine akiwa na habari mbaya kuliko ile, atasahau kusimama karibu na mlango.