Mng'ao wa Usambara na Jicho la Kamera

Barabara ya lami itokayo Mombo hupanda kwa yapata kilomita 33 hadi Lushoto, ikipinda kandokando ya makorongo. Njiani ni Soni, penye maporomoko ya maji. Wengi hupiga picha hapo, kisha hurudi mjini na kitu wasichokitambua: mwamba umeng'aa kama bati jipya, na majani ya migomba yamepoteza ukijani wake.

Sababu yake yaeleweka. Mwanga wa jua ni mawimbi yatetemayo pande zote. Yakigonga maji, mwamba uliolowa au jani laini, sehemu yake huruka ikitetema zaidi upande mmoja. Huo ndio mng'ao ufunikao rangi. Kichujio kiitwacho polaraiza, kivishwacho mbele ya lenzi, huuzuia. Hakiongezi rangi yo yote. Huondoa utando tu. Kizungushe polepole huku ukichungulia, nawe utaona mawe ya chini ya maji yakijitokeza. Atumiaye simu aweza kuiwekea mbele ya lenzi miwani ya jua yenye vioo vya aina hiyo.

Ukifika Irente, karibu na mji wa Lushoto, utaiona nyika ya Wamasai imetandazwa chini yako kwa karibu mita 1,000. Hapo ijue kanuni moja: anga hukiitikia kichujio vizuri zaidi pale litazamwapo kwa pembe mraba na jua. Asubuhi jua huwa mgongoni mwa atazamaye magharibi, naye atakizungusha bila faida. Heri ageukie kaskazini au kusini. Adhuhuri, jua likiwa utosini, upeo wa macho karibu wote huwa katika pembe hiyo, na utusitusi mwepesi wa mbali hupungua. Ukungu mzito na moshi wa mashamba havitoki.

Kichujio kina gharama yake. Hula nusu ya mwanga au zaidi, hivyo katika kivuli cha msitu wa Magamba mkono ukitikisika kidogo picha huharibika. Itegemeze kamera juu ya jiwe. Tena usiufute mng'ao wote, kwani mto usio na mng'ao hata kidogo huonekana kama shimo.

Mambo haya si ya watalii peke yao. Msambaa afanyaye kazi Tanga au Dar es Salaam huenda akakaa miaka mingi bila kuwapeleka wanawe kwa babu yao. Watoto hao wataijua milima kwa picha iliyo ukutani. Basi waione kama ilivyo: matuta ya mboga, udongo mwekundu uliomomonyoka na miteremko iliyokwisha kukatwa miti. Na siku ukungu ukikataa kuondoka, upige picha huo ukungu wenyewe, maana nao ni wa Usambara.