Seva moja, majina matatu

Vijana wenzangu, wengi mnaniuliza kwa nini kikundi chetu hapa Nakivale kinahangaika na seva ya imeli wakati imeli za bure zipo. Jibu ni laini za simu. Mtu anafungua imeli kwa laini ya jina la mwingine, simu inaibiwa, na akaunti inadai namba ya uthibitisho ambayo hataipata tena. Kama alikuwa anangoja jibu la skolashipu, basi, kwisha. Kwetu akisahau paswadi anakuja mezani, sura yake tunaijua, tunambadilishia.

Seva yenyewe haiko kambini, tusidanganyane, sola yetu haitoshi. Tunakodi mashine ndogo ya Linux nje. Postfix inapokea na kutuma, Dovecot inatunza barua na kumfungulia kila mtu sanduku lake. Mashine hiyo moja inabeba majina matatu: la kwetu, la mama washonaji na la timu ya mpira. Kila jina linaandikwa kwenye virtual_mailbox_domains, na lisionekane tena kwenye mydestination, Postfix haitaki jina moja pande zote mbili. Hivyo "info" ya washonaji na "info" ya timu hazichanganyiki, na hakuna anayehitaji akaunti ndani ya Linux.

Hiyo ni kazi nyepesi. Ngumu ni kuaminiwa huko nje. Kila jina linataka rekodi zake za MX na SPF pamoja na saini ya DKIM, la sivyo barua inaangukia kwenye spamu, na mtu wa skolashipu hachunguli huko. Na kabla ya kulipa, uliza kama mlango 25 uko wazi. Wakodishaji wengi wanaufunga.

Lakini kilichotumalizia mikutano mitatu ni ufunguo. Mwenye paswadi ya root anaweza kusoma barua za wote, na mwenye paswadi ni mimi. Dada mmoja mshonaji aliniuliza mbele ya watu: "Kaka, na siku tukigombana?" Nikamwambia ukweli, naweza kusoma. Kelele zikawa nyingi kweli. Mwisho tukakubaliana mambo ya kesi na wakili yasipite kwenye seva yetu kabisa, na washonaji wakamchagua yeye awe na ufunguo pia, aangalie logi za nani kaingia na saa ngapi. Juzi alimbadilishia mtu paswadi peke yake, mimi nilikuwa foleni ya posho.