Mstari Usiogusa Nchi Kavu

Shikeni tufe la dunia, mweke kidole juu ya Ikweta, mstari upitao katika Kongo yetu. Teremsheni kidole kuelekea kusini: mtaliacha bara la Afrika, mtaingia baharini, mpaka digrii ya 60. Hapo tuizunguke dunia yote. Ni mwendo wa kilometa kama 20 000, nusu ya Ikweta. Wala njiani hatutakanyaga nchi kavu, hata mwamba mmoja.

Mstari mwenzake, wa digrii 60 Kaskazini, hupita Norwe, Uswidi, Urusi na Kanada, penye misitu, mashamba na miji. Huku Kusini ni maji matupu. Kwa kuwa hakuna nchi ya kuzuia, upepo wa magharibi huzidi nguvu, na mawimbi huinuka kama vilima. Mkondo wa bahari unaozunguka pande hizo huchukua maji zaidi ya meta za ujazo milioni 100 kila sekunde. Mto Kongo, pamoja na ukubwa wake, hutoa kama 40 000 tu. Mwezi wa Juni jua huonekana muda wa saa sita hivi, kisha giza.

Kusini kidogo ya mstari vipo visiwa vya South Orkney, makao ya barafu na ya ndege pengwini. Katika kimojawapo, Laurie, Waargentina hupima upepo na baridi bila kukoma tangu mwaka 1904.

Basi, mstari huo usio na alama umepewa kazi kubwa. Tarehe 1 Desemba 1959, huko Washington, mataifa 12, Ubelgiji ikiwa mojawapo, yalitia sahihi Mkataba wa Antaktika. Yalikubaliana kwamba kusini ya digrii 60 pasijengwe ngome, pasijaribiwe silaha, wala pasilipuliwe bomu la atomiki. Marekani na Urusi, waliokuwa wakitishana kwa mabomu hayo, waliruhusiana kukagua vituo vyao. Mataifa saba yaliyodai sehemu za nchi ile hayakuyakana madai yao, lakini ugomvi uliwekwa kando. Mwaka 1991, huko Madrid, yaliongezwa masharti ya kukataza uchimbaji wa madini.

Je, mkataba huo ulijaribiwa? Naam. Mwaka 1982 Uingereza na Argentina zilipigania visiwa vya Falkland. Waingereza walifika mpaka visiwa vya Thule, karibu kabisa na mstari, upande wa kaskazini. Kusini yake hawakupigana.

Sisi wenyeji wa nchi yenye madini mengi twajua jinsi mali ya ardhini iwezavyo kuleta vita. Kule hakuna ukuta wala askari wa mpakani. Mlinzi wa mstari ule ni ahadi tu. Nayo haina nguvu ila ile wanayoipa watu wanaoishika.