Tulilipia roshani, tukalala sebuleni

Zile meli nyeupe ndefu kama mtaa mzima, unazoziona siku nyingine zimetia nanga mbele ya Forodhani, Unguja, wiki hii tunaingia ndani yake. Si Unguja lakini. Tunakwenda mbali, Southampton mpaka Norway, ambako mwezi Juni jua linazama karibu saa tano usiku na mtu hujui ulale au uendelee kupiga soga. Usidhani nimekuja kukutambia. Nimekuja kutubu.

Ilikuwa Juni 2023. Dada yangu ni nesi Uingereza, mwaka wa ishirini na ushee sasa. Mama alipomaliza kuuguza goti lake, dada akasema, "Mama kalea watoto sita kwa kuuza maandazi Pangani. Kabla sijastaafu lazima nimpandishe meli ya kifahari." Akaingia zamu za usiku, za ziada, mwaka mzima. Mimi nikachaguliwa kuwa msindikizaji. Viza zikahangaikiwa, ya Uingereza na ya Schengen pia, maana Norway haimo Umoja wa Ulaya lakini kwenye Schengen imo. Hilo peke yake ni kasheshe ya safu nyingine.

Sasa dada si kibopa. Alinunua ile nauli ambayo wenyewe wanaiita garantii. Nikueleze, maana hapa ndipo penye mchezo.

Ukinunua tiketi ya kawaida ya meli hizi, unaletewa ramani ya meli na unachagua chumba chako kwa namba, kama unavyochagua kiti cha basi. Ukinunua garantii, unachagua daraja tu: chumba cha ndani kisicho na dirisha, chenye dirisha, chenye roshani, au zile nyumba ndogo za wakubwa. Kampuni inakuahidi kwamba hutashuka chini ya daraja ulilolipia. Chumba chenyewe watakupangia wao, wakati wao. Wengine huambiwa wiki kadhaa kabla, wengine siku chache tu kabla ya kung'oa nanga. Ukipangiwa, umepangiwa. Ndiyo maana bei yake poa.

Kampuni inafaidikaje? Ni biashara ya kawaida, bwana. Vyumba vya bei poa huisha upesi, vya bei mbaya hudoda. Akishakuwa na abiria wa garantii mkononi, mwenye meli anaweza kuwasogeza huku na huku kuziba mapengo. Wa chini akipanda juu, pale chini pamepatikana nafasi ya kumuuzia mteja mwingine. Kwa hiyo wapo wanaopandishwa daraja bure kabisa, na hao ndio wanaosimulia mpaka wewe uliye nyumbani mate yanakudondoka. Wanaoangukia chumba chenye dirisha lililozibwa na mashua ya kuokolea watu, hao huwasikii sana.

Hata sisi mambo haya hayatupitii kando. Waliowahi kupanda Liemba kule Kigoma wanajua: daraja la kwanza vitanda viwili, la pili vinne, la tatu kiti chako na mzigo wako. Tena nikupe jipya. Liemba ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer Werft, mji wa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Karakana hiyo hiyo ndiyo iliyounda Silver Nova, meli ya kifahari iliyokabidhiwa mwaka 2023. Tofauti ni kwamba Liemba ukikata tiketi ya la tatu ulikuwa unajua kabisa unakwenda kukaa wapi.

Turudi Southampton. Wiki tatu kabla ya safari barua pepe ikaingia: chumba cha ndani, sitaha ya nne, katikati ya meli. Dada alisoma, akanyamaza. Najua alichokuwa anawaza. Mama yake, baada ya zamu zote zile, akalale kwenye boksi lisilo na dirisha?

Siku mbili hazijapita, ikaja barua ya pili. Hii sasa ina maua na picha ya mzungu kavaa joho jeupe anakunywa kahawa huku anatazama milima. Ongeza paundi 180 kwa kila kichwa, upate chumba chenye roshani!

Msomaji, hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Dada alisita, kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia. Mimi ndiye niliyemshikia bango. Nikamwambia, "Dada, mama atakwenda Norway mara ngapi? Mpe heshima yake bwana." Ukweli wa Mungu, mwenzio nilikuwa nawaza picha zangu. Nimejipumzisha kwenye roshani, miwani ya jua, mji mzima utajua nimefika.

Mama alikuwa kakaa pembeni anachambua mchicha. Akauliza swali moja tu: "Hicho kipya kiko upande gani wa chombo?"

Tukacheka. Barua haikusema upande. Ilisema daraja tu, kama garantii yenyewe. Dada akabonyeza, pesa ikatoka kwenye kadi, na chini kwa maandishi ya sisimizi imeandikwa kwamba hazirudi.

Mama ni binti wa nahodha. Marehemu babu aliendesha jahazi la boriti na nazi baina ya Pangani na Unguja. Sisi wenye miaka yetu ya shule tulimcheka mtu aliyeuliza swali pekee la maana siku ile.

CHUMBA KIKATOKA

Chumba kipya kilikuwa sitaha ya nane, mbele kabisa, kwenye omo. Kutoka kwenye lifti mpaka mlangoni kwetu ni ujia mrefu kama kutoka Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, na mama na goti lake. Alipumzika mara tatu njiani, anajifanya anaangalia picha za ukutani.

Chumba chenyewe, haki yake apewe, kilikuwa bomba. Shuka zinateleza, bakuli la matunda, mlango wa kioo, na nje roshani yenye viti viwili. Nilipiga picha zangu. Southampton ikatuacha taratibu, mama akapunga kanga yake kwa dada aliyebaki gatini, ingawa kwa umbali ule dada asingeweza kutuona.

Usiku wa pili tukaingia Bahari ya Kaskazini.

Ulishawahi kucheza bembea ya ubao, ile mmoja huku mmoja kule? Wa mwishoni anapanda na kushuka, aliyekaa katikati hasikii kitu. Meli ni hivyo hivyo. Ikipiga mbizi, omo inapanda na kuanguka, tezi nayo vivyo hivyo, katikati panatulia. Na kadiri unavyokuwa juu ndivyo unavyoyumbishwa zaidi ikilalia ubavu. Sisi tulikuwa mbele na juu. Tulilipia tena ziada kufika hapo.

Mama alitapika usiku kucha. Sijui nikueleze vipi. Mtu mzima wa miaka 72, kashika beseni, anakuomba wewe mwanawe radhi kwa kukunyima usingizi. Mlango wa roshani ulikuwa umefungwa kwa upepo, unalia kama paka. Zile paundi 360 zilikuwa nje pale, zinanyeshewa.

Asubuhi nikashuka mapokezi. Binti mpole, anatabasamu vizuri, akaniambia meli imejaa, hakuna chumba cha kuhamia. Nikauliza kile chetu cha mwanzo. Kishapewa mtu. Si ndiyo biashara yenyewe?

KIJANA WA LIKONI

Aliyetuokoa ni mhudumu wa vyumba. Aliingia kubadilisha taulo, akamwona mama kajifunga kanga, akasimama. "Shikamoo mama. Mwatoka wapi?" Mama aliyekuwa kalala kama mgonjwa wa kufa akainuka. "Marahaba mwanangu! We wa wapi?" Wa Likoni, Mombasa. Mkataba wa miezi kadhaa, mke na mtoto wako nyumbani. Vijana wa Mombasa wapo kwenye meli hizi, pamoja na Wafilipino na Wahindonesia.

Akatuletea tangawizi, mikate mikavu na matufaa ya kijani, dawa ya mabaharia. Halafu akatutobolea siri. "Mama, wageni wazoefu hawaji huku mbele. Wao wapigania sitaha za chini, katikati. Hata sisi wafanyakazi twalala chini kabisa, karibu na maji. Chumba hakina dirisha, lakini hakuna anayetapika."

Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Akasema, "Wazee walishasema. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

Ngama, kwa usiyetoka pwani, ni pale chini katikati ya chombo panapotuama maji na kuchotwa. Hapatamaniki, lakini baharia akishamaliza mbio zake za mbele na nyuma, harudi kwingine.

Kijana akatuonyesha ukumbi wa sitaha ya tatu, katikati, wenye makochi mapana. Akasema bahari ikichafuka tena, mama ashukie pale.

Nisiwe mchoyo wa mazuri. Stavanger tuliona nyumba za mbao nyeupe zimepangika kama meno. Bergen mvua ilitupokea, na wenyeji wakatwambia ndiyo desturi, huko hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Na siku ya Geiranger roshani ile ililipa deni lake, japo nusu. Meli inaingia kwenye mkono mwembamba wa bahari wenye urefu wa kilomita kama 15, milima imesimama wima huku na huku, maji ni kama kioo, chombo hakitikisiki. UNESCO waliutia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2005. Yako maporomoko ya maji yanaitwa Dada Saba, yanashuka sambamba, na ng'ambo yake lipo moja linaitwa Mchumba. Wenyeji husimulia kwamba huyo bwana aliwaposa wote saba na wote wakamkataa. Mama alikaa nje na shali yake saa nzima bila kusema neno. Kisha akasema, "Huyu Mchumba kazeeka anangoja."

Safari ya kurudi bahari ikachafuka tena. Sikungoja. Nikachukua mto, kanga mbili na chupa ya tangawizi, tukashuka sitaha ya tatu. Mama akajilaza kwenye kochi, mimi sakafuni ubavuni mwake. Akalala mpaka alfajiri. Waliopita kutoka dansini walidhani tumefukuzwa chumbani.

Siku ya mwisho akaniambia, "Nipeleke nikakione kile cha kwanza." Tukaenda sitaha ya nne. Hatua chache tu kutoka kwenye lifti. Ujia kimya, sakafu imetulia, mlango umefungwa, nje pana viatu vya mzee fulani. Mama akaugusa ukuta. "Kumbe hiki ndicho kilichokuwa chetu," akasema, tukaondoka.

KABLA HUJABONYEZA

Kwa hiyo wewe unayemkatia mzazi tiketi, au mwanao wa Ulaya anakukatia, sikiliza. Garantii si wizi. Kama huna tatizo la goti wala tumbo, na popote kwako kitanda, ni nauli nzuri ya kuokoa pesa. Lakini kama ipo sehemu ya meli usiyoiweza, lipia kuchagua namba tangu mwanzo. Fungua ramani, tazama na kilicho juu ya chumba na kilicho chini yake, usije ukalala chini ya dansi.

Wakikuletea ofa ya kupanda, uliza swali la mama: upande gani? Wakisema hawajui, ujue unauziwa mbuzi kwenye gunia. Kampuni nyingine hufanya mnada kabisa, unaandika dau lako kwa kila kichwa na kungoja. Dau likikubaliwa, kadi yako inakatwa hapo hapo. Aghalabu hata ukisafiri peke yako unalipa vichwa viwili.

Na uliza unapanda na nini. Kwenye Queen Mary 2, inayovuka Atlantiki tangu 2004, chumba ndicho kinachoamua meza: wa Queens Grill wana ukumbi wao, wa Princess Grill wao, walio wengi wanakula Britannia. Lakini mara nyingi aliyepanda kwa ofa anapata kitanda tu, marupurupu yanabaki ya nauli yake ya kwanza. Usilipe ukidhani umenunua vyote.

Southampton dada alitungojea gatini, katoka zamu ya usiku, macho mekundu. La kwanza kuuliza: "Mama, chumba kilikuwaje?"

Nikainamia begi langu. Mama akamshika mikono yote miwili. "Kizuri mno, mwanangu. Nilikaa nje nikatazama maji yanashuka mlimani. Mungu akulipe."

Wala hakusema uongo. Dada, nawe ukiisoma safu hii nisamehe. Zile 360 nakurudishia, taratibu.

Tukutane wiki ijayo.